Mfarishi wa Nyumba ya Tveit

"Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, kahawa ya wageni katika Makumbusho ya Nyumba ya Tveit itatolewa kwa vikombe vya karatasi. Kwa amri ya Bodi."

Verna Skaar, mtunzaji, alikuwa amekuja kubandika tangazo hilo asubuhi ya Machi 1986, theluji ya Dakota Kaskazini ikiyeyuka na uwanja ukiwa tope tupu, alipokuta mfarishi wa viraka haupo kitandani. Mama Tveit, mlowezi wa kwanza wa bonde lile, ndiye aliyeushona.

Naibu sherifu Merle Brandvold alikagua. Mlango haukuvunjwa, ufunguo ulifichwa chini ya ndoo ya maziwa, siri iliyojulikana na wilaya nzima. Barazani palikuwa na alama za viatu viwili vya tope, vimewekwa sambamba kando ya ukuta. Ndani, sakafu ilikuwa safi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

"Ni Lyle," alisema Verna. "Mwaka mzima anautolea macho."

Lyle Fossum, muuza vitu vya kale, alihojiwa dukani kwake.

"Jana uliingia pale?"

"Mchana, pamoja na wageni wengine. Kutazama nako mmekutungia sheria?"

"Ulivua viatu?"

"Nivue viatu makumbusho? Wewe Merle, kanisani huwa unavua suruali?"

Brandvold hakucheka. Katika wilaya ile mtu huvua viatu anapoingia nyumbani kwa watu. Makumbusho si nyumbani kwa mtu. Aliyevua alikuwa ameingia kwao.

Watoto wa Tveit waliosalia walikuwa wawili. Aliwakuta katika nyumba ya wazee: Oddvar kitandani, amefunikwa mfarishi hadi kidevuni, na dada yake Ragna kitini.

"Umechelewa," alisema Ragna. "Hata nilipokufundisha katekisimu ulikuwa mzito."

"Bi Ragna, si ungewaomba Bodi?"

"Niliwaomba. Wakasema mali ya familia ya Tveit haiazimishwi watu binafsi."

"Lakini ninyi ndio familia ya Tveit."

"Nikawaambia. Wakataka uthibitisho." Aliutengeneza mto. "Anatetemeka kwa baridi, anamwita Mama. Mama nitamtoa wapi? Nimemletea alichoshona. Haya, mfunue wewe. Mimi mikono yangu haiwezi."

Brandvold alishika pindo. Oddvar, macho yamefumba, akalikaza. Naibu sherifu akaachia.

Daktari alimwambia ukumbini kwamba mgonjwa hataifikia Jumapili.

Jioni ileile Bodi ilikutana, ikaamua kwa kauli moja: Bi Ragna Tveit asishtakiwe, mfarishi urudishwe kesho kabla ya saa za wageni, na iundwe kamati ya kuchunguza maombi ya wagonjwa, itakayowasilisha mapendekezo yake baada ya mavuno.