Mabaki ya Damu ya Kitindamimba

Sinki la maabara lilianza kunuka maziwa, kama kifua cha mtoto mchanga. Mpimaji, ambaye wenzake walimwita Mzee Tone, alilisugua na kulimwagia dawa. Harufu haikuondoka.

"Mimi sisikii kitu," alisema msaidizi wake, mama mmoja mcheshi. "Pua yako imechoka, mzee wangu. Ipe likizo, maana wewe mwenyewe hawakupi."

Kuchoka, alikuwa amechoka kweli. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya homoni ya ukuaji: alidondoshea majimaji ya damu kwenye chembe hai ndani ya kisahani, kisha akaangalia zimeongezeka kiasi gani. Damu ya kitindamimba wake, binti wa miaka tisa aliyekuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitano, aliipima jioni, wenzake wakishaondoka. Mabaki ya damu yalipaswa kuchomwa, lakini tanuri lilikuwa mbali na magoti yalikwisha kugoma. Ya binti yake aliyamwaga sinkini, na kila alipomwaga alinong'ona, "Kua, mwanangu. Kua."

Kila kipimo kilikuja dhaifu kuliko kilichotangulia.

Jioni hiyo mkewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeficha maneno yasisikike chumba cha pili.

"Baba watoto, nimempima tena pale mlangoni. Amepungua."

"Mtu hapungui kimo, mama. Umekosea."

"Alama ya zamani iko juu ya kichwa chake. Viatu vinamvuka. Njoo nyumbani."

Mzee Tone alikata simu, akachukua kichupa chenye mabaki ya siku hiyo, akakiinamisha kwa mazoea. Halafu akasita, kwa kuwa chini ya tundu la sinki kitu kilikuwa kikipumua, taratibu, kama mtu aliyelala akiwa ameshiba, na ile harufu ya maziwa ikapanda ikamjaa mdomoni, na bomba likaanza kulia kuanzia sakafuni, likitanuka kama nguo inayombana aliyeivaa, mpaka vigae vya ukutani vikapasuka kimoja baada ya kingine.

Alikifunga kichupa. "Hii naichoma," alisema, akageukia mlango.

"Baba."

Ilitoka sinkini, nyuma yake: sauti ya binti yake, ila nzito, ya mwanamke mzima.

"Si uliniambia nikue? Nimekua, baba. Twende nyumbani."