Mtoto wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kila asubuhi Mama huamka kabla yangu, huchemsha chai, kisha hukaa kwenye meza ya jikoni na kuandika kurasa mbili kabla ya kwenda kazini. Kazini kwake ni zahanati, pale mapokezi: huandika majina ya wagonjwa na kuwapanga foleni. Nyumbani ni mwandishi. Hana kampuni ya kumchapishia vitabu. Huandika kwa kalamu kwenye daftari gumu, humpelekea fundi wa chapa mwenye duka karibu na stendi, na vitabu vikiwa tayari tunabeba maboksi wenyewe na kuzunguka shule moja baada ya nyingine. Majirani humwita Mwandishi. Wengine humwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumtania, na yeye huwaitikia wote.

Siku ya mwisho ya mwaka huchukua karatasi ya kalenda iliyokwisha, huigeuza, na kuandika nyuma yake malengo ya mwaka mpya. Mwaka mmoja aliandika manane! Kwenda kazini kwa miguu. Kunywa maji ya kutosha. Kumaliza kitabu cha kwanza. Kutogombana na dada yake kwenye simu. Hilo la mwisho lilimshinda tarehe mbili, mwezi wa kwanza, tena kabla ya saa nne asubuhi. Lakini kitabu alikimaliza, na siku aliposhika nakala ya kwanza aliinusa kama mkate uliotoka tanurini. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Basi mimi ndiye niliyeiharibu furaha hiyo.

Ilikuwa hivi. Fundi alikuwa amemaliza kuipiga chapa hadithi yote kwenye kompyuta, akatuletea karatasi za kusahihisha. Wiki hiyo hiyo macho ya Mama yakavimba na kutoa machozi, na daktari akamkataza kusoma chochote. Mama akaniita.

"Mwanangu, umeshafika darasa la sita, kusoma unajua. Weka daftari langu kushoto, karatasi za fundi kulia. Soma mstari kwa mstari. Ukimaliza ukurasa, weka tiki chini kwa kalamu nyekundu. Ukiona kasoro, zungushia duara."

"Sawa, Mama."

Kurasa thelathini za kwanza nilisoma kwa uaminifu kabisa. Nilikamata hata nukta iliyokosekana, nikajiona profesa. Kisha nikasikia wenzangu nje wanaruka kamba, wanahesabu kwa sauti, na mmoja akapaza sauti, "Njoo bwana, unaatamia mayai humo ndani?" Loo! Kalamu ikaanza kukimbia yenyewe. Nikamwaga tiki kwenye kurasa zote zilizobaki bila kusoma hata neno, nikafunga daftari.

Mama alikuwa amelala na kitambaa chenye maji juu ya macho. Akauliza, "Umesoma zote?"

"Zote, Mama."

Akazitia sahihi kwa kupapasa, na zikaenda kuchapwa.

Hadithi yenyewe ilihusu mtoto aliyejificha ghalani wakati wa mchezo, mlango ukajifunga kwa nje. Kwenye daftari la Mama, kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa chai iliyomwagika, na kijana anayemsaidia fundi kupiga chapa akazifunua kama ukurasa mmoja. Kwa hiyo kitabu kilitoka hivi: ukurasa wa arobaini na moja, mtoto anagonga mlango wa ghala, analia, anaita. Ukurasa wa arobaini na mbili, wazazi wake wanapakia vyombo kwenye lori, wanawaaga majirani, wanahama. Mwisho.

Hakuna aliyemfungulia.

Tulikuja kujua baada ya kuuza katika shule tatu. Mwalimu mkuu mmoja alirudisha nakala zote, isipokuwa zile ambazo watoto walikuwa wamekwenda nazo nyumbani, pamoja na barua fupi: watoto wake wanaogopa kwenda stoo kuchukua mafagio, na hadithi hii si ya watoto. Mama alisoma barua, akafungua kitabu, akasoma, akakaa chini palepale sakafuni. Kesho yake alikwenda kwa fundi nami nikiwa nyuma yake.

"Mwandishi, mimi nimechapa kile mlichonirudishia," fundi alisema. "Kila ukurasa una tiki."

"Ndiyo, una tiki! Kwa sababu mwanangu aliusoma kila ukurasa," Mama alijibu. "Wewe ndiye uliyeudondosha baadaye. Mwanangu hasemi uongo."

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama na fundi walikuwa marafiki tangu wakiwa wadogo, na toka siku hiyo hawakusalimiana tena.

Vitabu vilivyobaki viliwekwa chumbani kwangu, maboksi manne yaliyopangwa hadi karibu na dari. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kila mchana, nikiwa peke yangu natandika au nafanya hesabu, nilisikia kitu kikigonga. Ko. Ko. Ko. Nilijua ni bati linalotanuka kwa jua. Nilijiambia hivyo kwa sauti kubwa, "Ni bati!" Kimya. Halafu tena, ko, ko, safari hii kama kutoka boksi la chini kabisa, lile lililobanwa na mengine matatu.

Niliyatoa maboksi yote, nikalifungua lile la chini. Vitabu tu. Nikayarudisha, na kabla sijafika mlangoni, ko.

Mtoto yule akapata uso. Sikutaka, lakini akapata: mdogo, mwenye vumbi kwenye nywele, midomo imekauka. Nikawa siwezi kufunga mlango wowote. Kabati niliacha wazi, jiko wazi, hata chooni niliacha upenyo. Mama akasema, "Wee, nyumba hii imekuwa stendi? Funga mlango!" Nikifunga, jasho linanitoka. Niliogopa kwamba kuna mtu ndani, ananisubiri mimi. Na nilijua kabisa kwamba si uchawi wala mzimu. Ni mimi niliyemwacha mle.

Siku ya mwisho ya mwaka, mchana, Mama aliketi na karatasi yake ya kalenda. Alikaa muda mrefu bila kuandika. Hodi ikabishwa mlangoni, nikaruka kama niliyemwagiwa maji. Alikuwa mtoto wa jirani yetu fundi cherehani, msichana wa miaka minane ambaye mtaa mzima humwita Maswali, na jina limemkaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Maswali alishika nakala yake ya kitabu kwa mikono miwili. "Shangazi, yule mtoto wa ghalani, wazazi wake wakishahama, nani anampa chakula?"

Mama aliweka kalamu mezani.

"Kwa sababu mimi nimempa kidogo," Maswali aliendelea, akafungua kitabu. Kati ya ukurasa wa arobaini na moja na wa arobaini na mbili kulikuwa na vipande vya mkate, vimebanwa vikawa bapa kama karatasi, vimeanza kuota ukungu. "Lakini hali. Labda ameshakufa?"

Jamani, niligeukia ukutani nisivione.

Mama alimkumbatia Maswali, akamwambia maneno fulani ya kumtuliza, akampeleka mpaka nje. Aliporudi alichukua kalamu. Nikamwona anaandika lengo la kwanza, na mwaka huo lilikuwa hilo moja tu: Kuacha kuandika.

"Mama, usiandike hivyo!"

"Nimeshaandika. Mtu anayewafanyia watoto hivi hafai kushika kalamu. Nitabaki na zahanati yangu."

"Mama, si wewe. Na si fundi." Sauti yangu ilitoka ndogo sana. "Ni mimi. Sikusoma. Niliweka tiki tu, nikaenda kuruka kamba."

Nilitegemea kofi. Afadhali kofi! Mama aliiweka kalamu chini, akanitazama. Nikalia kwa kwikwi, nikamweleza yote: ile sauti ya kugonga, ile milango, yule mtoto mwenye vumbi kwenye nywele.

"Miezi mitatu," alisema hatimaye. "Miezi mitatu nimemwita rafiki yangu mwongo, na mwongo nalala naye nyumba moja." Akasimama, akafuta uso kwa kanga. "Vaa viatu."

Tulimkuta fundi akifunga duka. Mama hakuzunguka mbuyu. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea. Na huyu ana la kusema."

Nilisema. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. "Basi na mimi niseme langu. Zile kurasa ziligandana, na kijana wangu alipiga chapa akaruka. Ningelinganisha ningeona. Nikategemea tiki za mtoto." Akamgeukia Mama akitabasamu kidogo. "Nilidhani utakufa bila kunisalimia, Mwandishi. Una kiburi wewe!"

"Nawe una maneno mengi. Washa mashine."

Mama alikuwa amebeba daftari. Akazitenganisha zile kurasa mbili kwa ukingo wa kisu, taratibu, akanipa. "Soma kwa sauti. Fundi apige chapa."

Ndiyo mara ya kwanza nilipousoma ule ukurasa. Nilitarajia jambo kubwa, labda askari wakivunja mlango. Kumbe bibi yake alikwenda ghalani kuchukua ufagio! Alifungua, mtoto akatoka na utando wa buibui kichwani, akaomba maji, akanywa vikombe vitatu. Bibi akamwambia, "Nawe umeanza lini kuwa panya?" Basi. Nilicheka na kulia kwa pamoja, mpaka fundi akanisubiri.

Likizo yangu yote iliyobaki niliimaliza kwa gundi na rula. Nilibandika ukurasa ule katika kila nakala ya maboksi manne, na kila nilipoubandika niliusoma mzima kwanza, hata nilipokuwa nimeshaukariri. Mama alilikata lile lengo lake kwa mstari mmoja, akaandika upya: kurekebisha kitabu cha kwanza, kuanza cha pili, kwenda kwa miguu kazini, na kwa mara nyingine tena, kutogombana na dada yake.

Shule zilipofunguliwa tulikwenda katika zile shule tatu na chupa ya gundi. Katika ile iliyorudisha vitabu, mwalimu mkuu alituruhusu kuingia darasani. Nikawasomea ukurasa. Nilipofika kwenye ufagio, darasa zima likapiga makofi, na mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Nani alimsahau mtoto ndani?"

Mama alikuwa karibu nami. Angeweza kujibu, lakini aliniachia mimi.

"Mimi," nilisema. "Niliambiwa nisome, nikaruka, nikasema nimesoma."

Hakuna aliyecheka. Mama ndipo akawageukia.

"Sikilizeni, wanangu. Unaposema nimemaliza, yuko mtu usiyemjua anayekuamini. Huenda ni mgonjwa kwenye foleni, huenda ni mtoto anayesoma peke yake kitandani. Ukimdanganya, hutauona uso wake, lakini yeye ndiye atakayelipa. Na kosa lililofichwa halikai kimya. Lisemeni mapema, lingali dogo, na mkono wenu uwe wa kwanza kulirekebisha."

Akanipa nakala ya mvulana yule na brashi ya gundi. Nikausoma ukurasa mzima, kisha nikaubandika.