Ngumi Iliyokataa Kukunjuka

Asubuhi hiyo mke wa fundi seremala alifua, akaanika, kisha akaweka kioo cha kunyolea juu ya meza ya chakula. Ng'ambo ya ua, kwenye karakana ya mumewe, mdogo wake wa kiume alikuwa akisafisha meno ya msumeno wa mezani. Swichi alikuwa ameizima. Dada mtu aliihakikisha kwa macho yake.

Msumeno ukinguruma, humo ndani watu huongea kwa mikono. Kiganja wazi hewani, washa. Ngumi, zima. Miezi michache nyuma ubao ulikwama, fundi akainua ngumi ya kushoto. Shemeji yake, huyohuyo mdogo wa mkewe, alikuwa swichini, amempa mgongo, anachekea simu. Ubao ukaruka, ukauvuta mkono hadi kwenye meno. Ulikatikia kiwikoni, vidole vikiwa vimekunjwa vilevile. Mke ndiye aliyeufunga sanda. Aliutambua kwa kidole kidogo, kilichopoteza ncha kwa patasi enzi za ujana.

Waliuzika, lakini ngumi haikukunjuka. Fundi aliihisi kutwa kucha, kucha zake zikichimba kiganja kisichokuwepo. Hakulala. Mtaalamu wa viungo alimweleza kwamba ubongo wake haujapata habari za msiba. Bado umeshikilia amri ya mwisho. Aweke mkono wa kulia mbele ya kioo, autazame wa kiooni kana kwamba ndio wa kushoto, kisha aukunjue polepole. Ubongo utadanganyika.

Shemeji alitania kwamba mkono uko kaburini na bado umegoma. Fundi alicheka naye. Mke hakukipenda kile kicheko.

Sasa alikishika kioo mbele ya mumewe kwa mikono miwili.

"Kunjua, baba watoto," alinong'ona. "Taratibu."

Kidole kimoja. Kingine. Uso wa fundi ukalegea, machozi yakamtoka.

"Imekunjuka."

Ng'ambo ya ua, msumeno ukanguruma.

Mdogo wa mke alipiga yowe moja tu. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito, kama meno yamekutana na ubao mbichi. Mke aligeuka akimbie. Fundi akamwambia asikiachie kioo. Alikuwa ameelewa. Alikunja ngumi ya kulia, akaikaza mpaka mishipa ikasimama.

"Zima," alinong'ona. "Nimesema zima."

Mke alitazama kioo. Mkono wa mumewe ulikuwa ngumi. Wa kiooni ulikuwa wazi.

Kidole chake kidogo hakikuwa na ncha.

Alikipigiza kioo kwenye ukingo wa meza. Vipande vikamchana viganja. Msumeno ukazimika.

Alimkuta mdogo wake amelala juu ya meza ya msumeno, kifua kimepasuliwa hadi mgongoni. Damu ilikuwa imefika darini. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeinuliwa, umekunjwa ngumi.

Chini ya swichi, unga wa mbao ulitanda laini, bila unyayo hata mmoja. Juu ya swichi palikuwa na alama mbichi ya kiganja cha kushoto. Vidole vinne vizima, na kimoja kifupi.

Fundi alisimama mlangoni, nyuma ya mkewe.

"Hauumi tena," alinong'ona. "Siuhisi popote. Sijui umekwenda wapi."