Usinioe kwa Ajili ya Kibali

Jumamosi ile soko la Kasulu halikuwa na pa kuweka mguu. Gharibu, mpiga picha, akaingia mbio katika duka la vitambaa la Badru, nyuma yake msichana mwenye sare nyeupe na mtandio wa zambarau.

"Badru, niazime kitambaa cha bluu! Changu kimelowa, na huyu dada anataka picha za Uhamiaji."

Badru akakunjua jora la bluu, akalishika nyuma ya msichana. Kazi ya dakika mbili, lakini mikono ilimtetemeka utadhani kabeba gunia la saruji.

"Kaka, ukitetemeka hivyo nitatoka nimepinda," msichana akacheka.

"Uzuri huo haupindi, dada."

Alikuwa Rabia Niyonsaba, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, anasomea maabara chuoni hapo Kasulu. Badru alikuwa na duka, mama mkali, na maneno matamu aliyorithi kwa babu yake wa Tanga. Baada ya miezi minane simu zao hazikuwa na mwanzo wala mwisho.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula, sheri. Wewe je?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda!"

Kwao Badru, mwanamke hakabidhiwi duka ovyo. Bibi yake alipewa funguo wiki moja kabla ya posa, mama yake vilevile. Kwa hiyo alipomwambia Rabia, mbele ya mama na wateja, "Kesho nafuata mzigo Kibondo, nishikie duka," kwake hiyo ilikuwa posa imeshaanza. Na mtu mzima mzima hakueleza maana ya jambo lenyewe! Alidhani mapenzi yanajieleza.

Rabia akarudi nyuma hatua moja. "Siwezi. Mimi hapa ni mwanafunzi."

Akaondoka. Mama akaguna, "Anatudharau huyo." Badru, badala ya kuuliza, akanuna. Simu zikaita, hakupokea. Siku kumi nzima! Wanaume wengine, jamani, akili zao zinatosha kuuzia vitambaa tu.

Siku ya kumi na moja Rabia akaja mwenyewe, macho mekundu, akaweka karatasi juu ya meza. "Soma."

Kilikuwa kibali chake cha kuishi nchini kwa masomo. Kazi yoyote, marufuku.

"Mwenzangu wa chuoni alikutwa anauza chakula kwa shangazi yake," Rabia akasema. "Akarudishwa kwao, zimebaki wiki mbili afanye mtihani. Haya ningeyasema vipi mbele ya wateja wako?"

"Nisamehe, mpenzi. Mimi mjinga."

"Ego, ndiyo, mjinga sana. Na masomo yanaisha mwezi huu, kibali nacho kinaisha."

Badru akaruka. "Basi nakuoa kesho! Yaishe!"

"Usinioe kwa ajili ya kibali." Sasa alikuwa analia waziwazi. "Siku tukigombana utasema nilifuata karatasi. Mama yako atasema leo leo. Kuna zahanati Kibondo inataka mtu wa maabara anayejua Kirundi, wameahidi kuniombea kibali cha kazi. Nikikipata, uniulize. Nikikosa, tumeshapendana, inatosha."

Inatosha wapi! Rabia alivuka mpaka wa Manyovu, akakaa Bujumbura karibu nusu mwaka, na Badru akakonda kweli.

"Kimetoka?"

"Bado, sheri."

"Nikutumie kitenge?"

"Nitumie subira."

Siku nyingine walizungumza mpaka salio likaisha.

Kisha asubuhi moja: "Badru, niko Kibondo. Njoo."

Alifika zahanati kavaa kanzu iliyonyooka kwa pasi, kajipulizia manukato mpaka wagonjwa wakapiga chafya. Rabia, koti jeupe, glavu mikononi, akachungulia mlangoni akamwonyesha benchi. "Kaa foleni kama wenzako."

Akakaa saa nzima nyuma ya akina mama na watoto wao. Zamu yake ilipofika akaingia, na maneno yote ya Tanga yakamkimbia. "Rabia, nikuoe?"

Rabia akavua glavu taratibu. "Sikiliza, Badru. Kibali ninacho. Kazi ninayo, chumba nimepanga. Sikuhitaji kwa shida yoyote."

Badru akageukia mlango.

"Ninakutaka tu," Rabia akasema. "Nenda Buyenzi kwa baba, ukaniombe."

Badru akaangua kilio pale pale, mlango wazi, wagonjwa wanamtazama, na wala hakujali.