Roselida na Saa ya Malori

Kila alfajiri Roselida aliwasha jiko kando ya barabara ya Malaba. Alipika uji na kukaanga mandazi. Wateja wake walikuwa madereva wa malori waliongoja kuvuka mpaka kwenda Uganda. Binti yake Winny, mwanafunzi wa kidato cha pili, alimsaidia. Alivaa sare kabisa, kisha akafunga leso juu ya sketi ili mafuta yasiichafue.

"Mpelekee yule wa lori la bluu," Roselida alisema. "Asiwekewe sukari."

"Mama, kumekucha. Niende shule?"

"Malori yameanza kunguruma?"

"Bado."

"Basi wakati haujafika. Osha vikombe."

Roselida alikuwa na simu ndogo, lakini hakuitazama kujua saa. Saa yake ilikuwa malori. Alipokuwa mtoto, lango la mpaka lilifungwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Likifunguliwa, injini ziliwaka pamoja, na mji mzima ukasikia. "Haya, kimbieni!" akina mama walisema. Watoto walikimbia, miguu mitupu ikilowa umande, kila mmoja na ufagio wake wa kufagia uwanja wa shule. Mpaka leo, injini ikiwaka, Roselida alisikia harufu ya chaki na ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Alizipenda sana asubuhi zile. Hazikuwa nyingi. Aliacha shule darasa la sita ili amsaidie mama yake kuuza uji, hapo hapo barabarani.

Siku hiyo foleni ilikwama. Malori yalinguruma wakati jua lilikuwa limepanda juu ya mabati ya maduka. Winny alifungua leso, akatimua mbio.

Jioni alirudi viganja vimechubuka.

"Umefanya nini?" Roselida aliuliza.

"Nimefyeka nyasi. Tukichelewa tunafyeka."

"Na masomo?"

"Kipindi cha kwanza ni hesabu. Nikifika, lango limefungwa. Likifunguliwa, napewa fyekeo. Nikiingia darasani, wenzangu wanacheka. Wananiita Foleni. 'Foleni amefika! Mpisheni!'" Winny hakucheka. "Mama, hesabu siielewi tena. Afadhali niache shule, nikae hapa nikusaidie."

Roselida aliweka sufuria chini. Maneno hayo aliyajua. Yeye mwenyewe alimwambia mama yake hivyo hivyo. Mama yake alijibu, "Sawa, mwanangu," na shule ikaisha siku hiyo.

"Si sawa," Roselida alisema. "Kesho naenda kumwona mwalimu wako."

Asubuhi alimwomba Mutwalibu amwangalizie uji. Mutwalibu alikuwa dereva wa miaka mingi na mteja wake wa zamani.

"Nenda tu, Mama Winny. Mimi niko kwa foleni, siendi mahali," alisema. "Lakini kwani huyu msichana anachelewa kwa nini?"

"Huwa namwachilia malori yakinguruma."

Mutwalibu alicheka mpaka uji ukamwagika. "Hiyo saa yako ilikufa kitambo! Siku hizi mpaka haulali. Karatasi ikiwa tayari, tunavuka, iwe usiku, iwe mchana. Siku moja naweza kuondoka alfajiri, kesho yake nikakaa hapa mpaka jua la utosi."

"Lakini zamani..."

"Zamani, ndiyo." Mutwalibu aliacha kucheka. "Hata mimi nilikuwa turniboi wakati huo, msaidizi wa dereva. Tulikuwa tunangoja lango kama watu wanaongoja harusi. Ilikuwa raha, mama. Lakini imepita."

Roselida alitembea hadi shuleni akiwa ameinamisha kichwa. Alitarajia kukaripiwa. Madam Fazila, mwalimu wa hesabu, alimpa kiti.

"Kosa ni langu," Roselida alisema. "Mimi ndiye niliyemshikilia."

"Na letu pia, mama. Mtoto amekosa kipindi cha kwanza, halafu tunampa fyekeo, anakosa cha pili. Tumekubaliana na mwalimu mkuu. Kuanzia sasa, anayechelewa ataingia darasani kwanza. Adhabu atafanya jioni. Lakini awahi, mama. Mwanzo wa kipindi ndipo ninapoeleza njia. Akikosa hapo, anabaki kunakili tu."

"Nitajuaje wakati wa kumwachilia?"

"Anza na kengele, kisha urudi nyuma. Kengele inalia saa moja na nusu. Kutoka kwako mpaka hapa ni nusu saa. Atoke saa ngapi?"

Roselida alihesabu kwa vidole. "Saa moja."

"Na kukiwa na matope?"

"Atoke mapema kidogo. Saa moja kasoro robo."

"Umepata!"

Roselida alitabasamu. Ilikuwa zamani sana mwalimu alipomwambia neno hilo.

"Sare na vitabu viandaliwe jioni," Madam Fazila aliongeza. "Na kukiwa na ugonjwa au shida, tupigie simu. Usinyamaze."

Jioni hiyo waliosha vikombe vyote. Winny akatega simu ya mama yake ilie asubuhi. Ilipolia, madereva walikuwa wamejaa.

"Nyabo, mama, uji wangu!" Mganda mmoja aliita. "Msichana, mandazi hapa!"

Winny alimtazama mama yake.

"Nenda," Roselida alisema.

"Na hawa?"

"Watangoja. Wana malori, hawana kengele."

Madereva walinung'unika. Siku chache baadaye walizoea kujimiminia uji wenyewe. Darasani, jina la Foleni likasahaulika polepole.

Siku ya wazazi ilipofika, Winny alimharakisha mama yake mpaka wakafika kabla ya viti kupangwa. Wakaingia darasani kungoja.

"Mimi hukaa hapa," Winny alisema.

Roselida aliketi kwenye dawati. Akapitisha kiganja juu ya mbao, taratibu. Winny alichukua kipande cha chaki, akaandika hesabu ubaoni.

"Hii herufi ni namba iliyojificha, mama. Tunaitafuta."

"Imejificha wapi?"

Winny alieleza haraka haraka, akiandika na kufuta. Nje, wazazi wengine walianza kuingia langoni. Madam Fazila alichungulia mlangoni, akawaacha.

"Winny," Roselida alisema, mikono imekunjwa juu ya dawati. "Rudia pale mwanzo. Usiruke."

Winny akafuta ubao wote, akaanza tena.