Tumpe na Ndege Isiyokauka

Tumpe alikuwa na miaka sita. Aliishi Tukuyu na Mama yake. Tukuyu kuna mvua nyingi, na asubuhi ukungu hukaa mpaka mlangoni.

Baba hakuishi nao. Zamani aliishi nao. Sasa aliishi Chunya. Kufika kwa Baba ni kupanda basi, kushuka, halafu kupanda basi jingine.

Jumamosi moja mlango uligongwa. Ngo, ngo, ngo!

"Hodi!"

"Ni Baba!" Tumpe aliruka. "Mama, ni Baba! Shikamoo, Baba!"

"Marahaba, mama yangu. Umekuwa mrefu!"

Mama alimwekea Baba chai mezani. Walisalimiana taratibu, kama wageni. Kisha Mama akaenda zake jikoni.

Juu ya kabati kulikuwa na ndege. Ndege ya plastiki, kama zile za abiria, lakini ndogo kama kiatu cha Tumpe. Baba alipokuja mara iliyopita, walibandika vipande vyake kwa gundi.

Lakini ndege ilikuwa ya kijivu tupu. Haikuwa na rangi.

"Leo tunaipaka rangi," Baba alisema. "Leo siondoki mpaka tumalize ndege!"

Tumpe aliyasikia maneno hayo. Siondoki mpaka tumalize. Akayaweka moyoni, akayafungia humo.

Baba alitoa vikopo vya rangi kwenye mfuko. Tumpe akachukua brashi.

"Ngoja kwanza," Baba alisema. "Tuioshe."

"Mbona ni safi?"

"Inaonekana safi. Mama akioka keki, anapaka nini kwenye chombo?"

"Mafuta. Keki isigande."

"Basi plastiki nayo hupakwa mafuta kiwandani, isigande. Hatuyaoni, lakini yapo. Na rangi haikai juu ya mafuta. Inateleza, inakimbia."

Baba akaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni. Tumpe akatia sabuni, tone moja, tone la pili. Wakachukua mswaki wa zamani.

*Sugua juu, sugua chini,*
*chwa-chwa-chwa, mafuta yaondoke!*

Wakasugua mabawa. Wakasugua mkia. Wakasugua tumbo la ndege, nalo povu likampata Baba puani. Tumpe akacheka mpaka akakohoa.

Wakaisuuza. Wakaiweka kwenye kichanja cha vyombo, ikauke.

"Sasa hakuna kugusa," Baba alisema. "Vidole vyetu vina mafuta pia. Tukigusa, tunaosha tena."

"Tunaosha tena?"

"Ndiyo. Tunaanza upya."

Tumpe akakaa kwenye kiti. Akaitazama ndege. Akawaza.

Ikikauka, tutaipaka. Tukiipaka, tumemaliza. Tukimaliza, Baba ataondoka.

Ndege ikaanza kukauka. Matone yakaanguka kutoka kwenye bawa. To. To. To.

Simu ya Baba ikalia, naye akatoka nje kuongea. Tumpe akanyoosha kidole kimoja. Akagusa bawa.

"Baba! Nimeigusa!"

"Aa, Tumpe! Haya, si kitu. Tuoshe tena."

*Sugua juu, sugua chini,*
*chwa-chwa-chwa, mafuta yaondoke!*

Wakaiweka kwenye kichanja. To. To. To.

Mama akaleta vitumbua. Vilikuwa vya moto, na vilimeremeta kwa mafuta. Tumpe akala kimoja. Hakunawa. Akaishika ndege kwa mkono mzima, paa!

"Baba, nimeigusa tena."

Baba akatazama saa. Akatazama ndege.

"Tumpe, kuwa mwangalifu, mwanangu. Haya. Tuoshe."

*Sugua juu, sugua chini,*
*chwa-chwa-chwa, mafuta yaondoke!*

Safari hii Baba alisugua haraka haraka. Hakukuwa na povu puani. Hakuna aliyecheka.

To. To. To.

Ndege ikakaribia kukauka kabisa. Baba akafungua kikopo cha rangi ya bluu. Akainama kuchukua brashi.

Tumpe akaikwapua ndege. Akaikumbatia kwa mikono miwili, akaisugulia kwenye shavu, kwenye nywele zenye mafuta ya nazi, kwenye sweta.

"Tumpe!" Baba alipaza sauti. "Kwa nini unafanya hivyo?"

Tumpe akazidi kuikumbatia ndege.

"Ulisema huondoki mpaka tumalize," alisema. "Mimi sitaki tumalize."

Mvua ikaanza juu ya bati. Pa. Pa. Pa-pa-pa.

Baba akaweka kikopo mezani. Akakaa chini sakafuni, na miguu yake mirefu.

"Ni kweli, nilisema hivyo," alisema. "Nilisema vibaya. Basi langu linaondoka saa kumi. Ndege ikiisha, nitaondoka. Na isipoisha, nitaondoka pia."

"Hata nikiigusa?"

"Hata ukiigusa."

"Hata nikiigusa kila siku?"

"Hata hivyo, mama yangu."

Tumpe akaiweka ndege sakafuni, akamtazama Baba.

"Basi wewe ni mwongo," alisema.

Baba hakumkaripia. Alimfuta kamasi kwa ncha ya shati lake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Saa kumi haijafika," alisema. "Unataka tufanye nini?"

Tumpe akaitazama ndege. Ilikuwa na unyuzi wa sweta kwenye mkia. Ilikuwa chafu kweli kweli.

"Tuoshe," alisema.

Wakaosha, bega kwa bega. Hakuna aliyeimba. Chwa. Chwa. Chwa.

Baba akachukua gazeti, akaipepea ndege. Fu, fu, fu. Tumpe akaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Fu, fu, fu. Wakapepea mpaka mikono ikachoka.

Bawa moja likakauka. La pili lilikuwa bado na maji.

"Tuanze na hili," Baba alisema.

Wakapaka rangi ya bluu. Baba alishika ndege, Tumpe akashika brashi. Rangi haikuteleza. Haikukimbia. Ilikaa pale pale, nzuri, laini, bluu.

"Umeona?" Baba alisema.

"Nimeona," Tumpe alisema.

Baba akatazama saa tena. Akasimama. Magoti yake yakalia, ko!

"Bawa la pili nitalipaka nikija."

"Utakuja lini?"

Baba akachukua mfuko wake. Akaufunga.

"Sijui siku," alisema. "Nikijua, nitampigia Mama simu."

Akambusu Tumpe kwenye paji la uso. Akachukua mwavuli. Mlango ukafunguka, mlango ukafungwa.

Tumpe hakutoka kumpungia mkono. Aliingia chini ya meza, akakaa huko.

Mama akaja. Akapiga magoti, akachungulia. Kisha naye akaingia chini ya meza, ingawa kichwa chake kiligonga mbao.

"Pole," Mama alisema.

"Pole ya kichwa ni yako," Tumpe alisema.

"Asante. Na yangu kwako ni ya moyo."

Tumpe akalia. Alilia sana, kwa sauti kubwa. Mama hakumwambia nyamaza. Alimshika tu, wakabanana chini ya meza mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Mama, bawa la pili limekauka?"

Mama akanyoosha shingo. "Limekauka. Lakini Baba amesema atalipaka yeye."

"Amesema," Tumpe alisema.

Akatoka chini ya meza.

Alipitia vikopo vyote, kimoja kimoja. Bluu, hapana. Nyeupe, hapana. Akafungua nyekundu.

"Mama, nawa mikono. Kwa sabuni. Halafu nishikie hapa kwenye pua tu. Usiguse bawa."

"Kwa nini nisiguse?"

"Vidole vina mafuta. Ukigusa, rangi itakimbia."

Mama akanawa. Akashika pua ya ndege kwa ncha za vidole, kama ameshika yai.

Tumpe akapaka. Bawa likawa jekundu kama pilipili.

"Bluu na nyekundu," Mama alisema. "Haya mabawa hayafanani."

"Ndiyo. Lile tulipaka na Baba. Hili nimepaka mwenyewe."

Walikula ugali na maharage. Tumpe akapiga mswaki, akavaa nguo za kulalia. Akachukua mto wake, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha Mama.

"Bado nimemkasirikia Baba," alisema.

"Sana?"

"Sana. Na nimemkumbuka."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Haya," Mama alisema. "Kesho ukiamka, utaniambia vimefikia wapi."

Akasogea mpaka ukutani, akamwachia nafasi. Tumpe akapanda kitandani. Nyayo zake zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na Mama akazibana katikati ya miguu yake mwenyewe.

Zikapata joto, kidogo kidogo. Na Tumpe akalala.