Siku Tatu Bila Kosa

Jumanne tarehe 15 Februari 1994, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtafiti Marjukka Tolonen alifungua takwimu za barafu katika maabara ya chuo kikuu, Oulu, akakuta ziwa lenye kina cha mita kumi na mbili limeganda mita arobaini. Kufikia mchana zilikuwa zimeonekana namba mia sita za namna hiyo. Mkuu wa idara aliita polisi, akamwambia Marjukka kwamba Ijumaa kamati ingekaa kumfukuza kwa kughushi. Neno la siri la faili zile alikuwa nalo Marjukka peke yake.

Inspekta Eeva Kallunki alianza na Pentti Ruokanen, aliyekuwa akigombea na Marjukka nafasi moja ya kudumu.

"Ulikuwa na sababu," Eeva alisema.

"Sababu ninayo hata leo. Ila Novemba na Desemba nilikuwa baharini huko Tromsø, nchi jirani, bibie. Waulize samaki."

Eeva aliwauliza watu. Ni kweli, Pentti hakuwepo, na namba ziliendelea kuharibika.

Hilo lilionekana kwenye karatasi: kila jioni kompyuta ilichapa idadi ya takwimu za zamani zilizobadilika tangu jana yake. Karatasi za miezi kumi na moja zilikuwa kabatini na hakuna aliyewahi kuzisoma. Eeva alizisoma zote. Hakuna siku iliyopita bila mabadiliko, isipokuwa tatu: 12 Mei, 8 Septemba, 19 Januari. Marjukka alikuwa kazini siku zote hizo. Kitabu cha wageni kilionyesha jambo moja tu la pekee: ndizo siku alizokuja fundi wa kampuni iliyotengeneza kompyuta. Mara zote tatu aliandika: *Haina hitilafu.*

Alhamisi saa tisa alasiri Eeva alimwita Tauno Hietala, msimamizi wa kompyuta, mbele ya Marjukka.

"Ifungue, Tauno."

"Fundi haji leo."

"Ndiyo maana."

Tauno alifungua skrubu nne. Vibao vya memori, ambamo namba zote hupitia kila siku, havikuwa na muhuri wa kampuni.

"Vyao viko wapi?"

"Kwenye droo yangu. Inspekta, nani asiyefanya hivi? Walituuzia memori kidogo, nyongeza yao ni bei mara nne, na fundi akikuta vya watu wengine, mkataba wa matengenezo umekufa. Jioni kabla hajaja naweka vyao. Kesho yake narudisha vyangu."

"Kwa hiyo kila mara alikagua mashine nyingine. Na memori ikikosea, kompyuta haipigi kelele?"

"Vya bei rahisi haviwezi ukaguzi huo, kwa hiyo niliuzima kwenye kompyuta."

"Ulijua lini kwamba vinaharibu namba?"

"Septemba."

"Na Jumanne ulinyamaza!" alisema Marjukka.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wewe bado kijana, ungepata kazi kwingine."

"Nakala za akiba?" Eeva aliuliza.

"Kanda zinaandikwa upya kila mwezi. Zimepita kwenye memori hiyo hiyo."

"Daftari za vipimo tulizitupa tulipohamia hapa," Marjukka alimwambia Eeva. "Mita arobaini naiona. Iliyokosewa sentimita mbili nitaijuaje?"



Ijumaa kamati ilikaa dakika kumi na nne. Ilimwondolea Marjukka tuhuma, kisha ikaufunga utafiti wake wa miaka tisa, na nafasi yake pamoja nao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni baridi ya mwaka gani iliyo ya kweli.

Katika ripoti Eeva aliandika jina la Tauno Hietala. Kwenye sehemu ya kilichookolewa aliandika: hakuna.